Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jina Linaloandikwa Kwenye Orodha ya Waathirika

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninaleta mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka ulioishia Juni 2024, mwaka ambao sehemu yake kubwa tuliipitisha tukikwangua matope na kuanika magodoro. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini ambayo mmekwisha kugawiwa, hivyo sitayarudia. Nitashughulika na jambo moja lililotuchukulia muda kuliko mengine yote, nalo ni kwa nini, katika mafuriko yale yale na ndani ya mtaa ule ule, wanachama wetu wanawake walipata msaada kidogo kuliko wanaume, na mara nyingi wakaupata wakiwa wamechelewa.

Mvua za El Niño zilianza na vuli ya 2023, zikafuatana na masika pasipo kutupa nafasi ya kukauka. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia na 236 kujeruhiwa nchini, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Neno hilo "kaya" naomba mlishike, kwa sababu nitalirudia mara nyingi. Hapa kwetu Dar es Salaam, Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini Salenda, ulipanda usiku kama kawaida yake, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, na wakazi wa Magomeni Suna, Mkwajuni, Kigogo na Mchikichini wakahamisha watoto na vyombo kwa mwanga wa simu.

Sehemu ya wanachama wetu walilala katika madarasa ya shule iliyo juu ya bonde. Siku ya pili msaada uliletwa: unga, maharage, mafuta ya kula, mikeka na ndoo. Mgawaji alisoma majina kutoka kwenye orodha iliyoandikwa na ofisi ya mtaa, ambayo sitaitaja, na kila jina lilikuwa la mkuu wa kaya. Mwanachama wetu mmoja, mama lishe aliyepoteza masufuria na jiko lake, alikuwa pale na watoto watatu, mdogo akiwa bado ananyonya. Jina lake halikuwamo. Lililokuwamo ni la mumewe, ambaye ana nyumba nyingine Chanika na alikuwa huko tangu mvua zianze. Alipopigiwa simu na jamaa kuwa jina lake limesomwa, alikuja kwa bodaboda, akatia sahihi, akafunga mfuko wa unga nyuma ya pikipiki na kuondoka nao, akiwaachia mke na watoto mkeka mmoja na ndoo. Mgawaji alipoulizwa alijibu kwamba kaya hiyo imekwisha kupokea. Kwa maandishi alikuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, kwa kuwa hapakuwa na mwizi wa kumshtaki.

Katibu na mimi tuliketi na orodha hiyo jioni ile ile tukaanza kuipitia jina kwa jina. Tuliona kwamba mwanamke aliandikwa pale tu alipokuwa mjane, au ameachika na mtaa mzima unajua hivyo. Mwenye mume wa mbali, mwenye mume aliyeondoka bila talaka, mke wa pili, binti anayeishi kwa shangazi yake, wote walimezwa na jina la mtu mwingine. Wapangaji nao waliandikwa chini ya mwenye nyumba, nyumba moja mstari mmoja, hata pale ambapo vyumba sita vilikuwa na familia sita. Na kwa kuwa wanawake wengi wetu wanaojitegemea ni wapangaji wa chumba kimoja, walifutwa mara mbili.

Wapo wanachama wanaume waliolalamika kwamba taarifa zetu zinawasahau vijana wa kiume wasio na familia, ambao nao hawakuandikwa, kisha wakaamriwa kubeba mifuko ya mchanga kwa sababu wana nguvu. Lalamiko hilo ni la haki na tumelipokea. Hata hivyo, kijana yule alipokosa unga aliweza kwenda Kariakoo alfajiri kutafuta kibarua cha kubeba mizigo, ilhali mama mwenye mtoto mgongoni asingeweza kutoka darasani, maana angeacha wengine wawili na vitu vyake katikati ya watu asiowajua. Foleni ya msaada ilimtaka asimame kwa muda wa saa nne, foleni ya maji ilimtaka asimame tena, na vyoo vya shule, vilivyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mchana, havikuwa na taa. Wanawake walikuwa wakienda watatu watatu usiku, mmoja anaingia, wawili wanashika kanga mlangoni. Taulo za kike hazikuwamo katika msaada hadi siku ya tano, na zilipoletwa zilitokana na michango yenu wenyewe, jambo ambalo nawashukuru kwalo.

Ninayasema haya nikijua kwamba orodha inaweza kuzaa mabaya makubwa kuliko njaa. Baada ya Kimbunga Idai kupiga Beira na mkoa mzima wa Sofala, Msumbiji, mwezi Machi 2019, watetezi wa haki za binadamu waliripoti kuwa baadhi ya viongozi wa maeneo waliwataka wanawake kingono ili wawaandike au wawape chakula. Kwetu hakuna mwanachama aliyeleta malalamiko ya namna hiyo, lakini kamati imeona ni busara kwamba uandikishaji ufanywe na watu wawili daima, mmoja wao mwanamke, na ufanyike hadharani, kamwe si ndani ya ofisi iliyofungwa.

Bonde hili lina historia ndefu ya orodha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam, na baadaye serikali ikagawa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, kwa waliohamishwa. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Mchikichini na nikiuza vitumbua asubuhi. Najua kwa nini baadhi ya waliohamia kule waliuza viwanja wakarudi: aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi sokoni sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi kabla hajauza hata kitumbua kimoja. Kwa mwenye ajira ya mshahara umbali ni usumbufu, ila kwa mwanamke anayezungusha mtaji wa siku moja, nauli hiyo ndiyo faida yenyewe.

Sasa tumefikia suala la Mradi wa Bonde la Msimbazi, mradi wa kudhibiti mafuriko, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa Dola milioni 200 mwaka 2022, na ambao kwa ajili yake baadhi ya wanachama wamelipwa fidia na nyumba zao kubomolewa. Kamati haipingi mradi. Daraja refu la Jangwani, ambalo ni sehemu yake, tumeliomba miaka mingi. Tulichofanya ni kuwasindikiza wanachama katika uthamini. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinahesabu posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, pamoja na posho ya usafiri na usumbufu, na zote humfuata mtu anayetambuliwa kuwa mwenye mali, aliyepigwa picha mbele ya nyumba. Mara nyingi aliyeitwa kusimama mbele ya mlango alikuwa baba, hata pale ambapo tofali lilinunuliwa kwa fedha za kikoba cha mama.

Sheria haimwachi mwanamke huyo mikono mitupu, ila ni wachache wanaoijua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwanasheria aliyejitolea alikuja Jumamosi nne kutufafanulia. Jumamosi ya kwanza walikuja wanawake pekee; kuanzia ya tatu wanaume walianza kusimama nje ya dirisha, na ya nne tukawapa viti.

Lazima pia nikiri kosa letu. Daftari la kwanza la chama, tulilojivunia kuwa ni jibu kwa orodha ya mtaa, tulilichora kwa kunakili fomu ile ile, na safu yake ya kwanza ikasomeka "mkuu wa kaya". Tuligundua mwezi Mei, alipokuja binti wa kazi za ndani ambaye mabosi wake walihamia kwa ndugu na kumwacha alinde nyumba iliyojaa maji. Hakuwa katika daftari la mtaa, wala letu. Daftari jipya lina jina la kila mtu mzima, namba ya kitambulisho chake cha taifa ikiwa anacho, namba yake ya simu, chumba anacholala, na anayemtegemea. Safu ya mkuu wa kaya tumeiondoa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa. Tumeandika barua kuomba nafasi mbili za wanawake katika kamati ya maafa ya mtaa wetu, na kuomba daftari letu litumike kuhakiki orodha rasmi. Ombi la pili limekubaliwa kwa mdomo. La kwanza bado halijajibiwa, na makamu mwenyekiti amepewa jukumu la kulifuatilia kila wiki. Kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, tulikwama ilipositishwa Aprili 2023, na kikundi cha mama lishe kinaandaa maombi yake upya.

Kabla ya vuli, kila aliyehama chumba, aliyezaa, aliyefiwa au aliyebadili namba ya simu afike kwa katibu kurekebisha mstari wake. Daftari limewekwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, juu ya kabati, na nakala yake iko kwa mwanachama anayekaa Magomeni Mapipa, ambaye nyumba yake haijawahi kufikiwa na maji.

Mwenyekiti