Kadzo, kabla ndege hawajaondoka Mida

Mwanangu Kadzo,

Huku hatujambo, mamako anakusalimu sana. Kaskazi imelegea na mvua ya kwanza imeshanyesha Gede. Ukija likizo ya Aprili utawatembeza wageni peke yako kwenye hori la Mida, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Aprili wageni huwa wachache, lakini wanaokuja huja kwa ajili ya ndege. Waonyeshe wale vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda. Januari walikuwa wa kijivu, sasa vifua vimewaiva, vyekundu kama udongo wa msitu wa Sokoke. Wanakwenda kutaga Siberia, na masurufu ya safari hiyo ni mafuta wanayoyajaza mwilini hapa hapa, kwenye tope letu. Ndege wa gramu 60 hivi, mama! Kila anaporushwa bure anaichoma akiba yake.

Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa pili kazini mgeni mmoja alitaka picha ya kundi likiruka, nami nikapiga makofi. Bakshishi nilipata. Lakini maji yalikuwa yamekaribia kujaa, tope limebaki kipande tu, na wale ndege wakazunguka juu ya mikoko muda mrefu wakikosa pa kutua. Makofi yale nayajutia mpaka leo. Mgeni akikuomba hivyo, mkatalie kwa adabu, hata kama siku hiyo utarudi nyumbani mikono mitupu.

Tena hakuna haja ya kuwafukuzia. Angalia kwanza jedwali la maji. Yakipwa kabisa ndege huwa mbali, hata kwa darubini ni vidoa tu. Yakijaa kabisa wameshahama. Fikeni yanapoanza kujaa, mtulie kwenye kile kibanda cha mwisho wa daraja la mikokoni, na maji yenyewe yatawasogeza hadi mbele yenu. Siku za bamvua maji huja mbio, kwa hiyo wahi.

Halafu kuna wale weusi na weupe wenye mdomo mnene, wanaokula kaa. Hao nawapenda kuliko wote. Hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani, Somalia na pwani za Uarabuni, yai moja tu. Kinda huja nao mpaka huku, na ijapokuwa ameshakuwa mkubwa, bado humfuata mzazi akilia, naye mzazi humpa kaa. Nimeyaona hayo miaka yote na sijachoka kuyatazama. Wakubwa wakiondoka, baadhi ya wadogo hubaki Mida kusi nzima. Usiwaache wageni wapite wakishangilia wale wekundu tu. Wasimamishe, wawaone na hao.

Mkanda wa darubini yangu nimeshaushona. Iko kwenye sanduku, inakungoja.

Babako