Kwa vijana mnaoshika pesa za watu

Wanangu, Bwana asifiwe.

Nawaandikia ninyi makondakta, wauza maduka, na hasa mlio waweka hazina wa vyama na vikundi vya kanisa hapa Nairobi. Kuna neno mnalipenda: "Nimeliombea, nina amani nalo." Likishasemwa, mjadala umefungwa. Paulo hakuukubali ushahidi huo hata kwa nafsi yake. Katika 1 Wakorintho 4:4 anasema hajui neno baya juu yake mwenyewe, lakini hahesabiwi haki kwa ajili hiyo.

Mtazameni Daudi. Alipokata upindo wa vazi la Sauli, moyo ulimchoma (1 Samweli 24:5). Kitambaa tu! Alipomchukua Bathsheba na kupanga kifo cha mumewe, Uria, kimya. Mtoto akazaliwa, bado kimya. Moyo ni uleule, ila safari hii alikuwa ameuzoesha: alimwita Uria kutoka vitani, akamlevya, kisha akampa barua ya kifo chake aibebe mwenyewe. Kila hatua ilifunika ile ya nyuma. Mweka hazina naye huanza na "nimeazima hadi Ijumaa."

Nabii Nathani alipokuja kumkemea Daudi hakumtaja Bathsheba kwanza. Alileta kesi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, na Daudi akawaka hasira: alipe mara nne! Dhamiri iliyosinzia juu ya mambo yake ilikuwa macho kabisa juu ya mambo ya jirani. Ingieni kwa mlango huo. Kabla ya kusema una amani, lisimulie jambo lako kwa sauti ukimweka mtu mwingine: "Mweka hazina alitoa elfu tano Jumanne, na daftari likaonyesha zipo." Ukikasirika, umeshajijibu.

Wapo wenye shida ya kinyume, kama anayeona ni dhambi kufungua kibanda Jumapili. Msimcheke, na msimsukume afungue akiwa na shaka. Someni Warumi 14:5 na 23. Afundishwe kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Sasa malipo, maana hapa ndipo wengi huteleza. Hesabu 5:7 inataka mambo matatu: kuungama, kurudisha kamili, na kuongeza sehemu ya tano. Kwa elfu tano, unarudisha elfu sita. Kujaza pengo kimyakimya kabla ya hesabu kukaguliwa hakutoshi, kwa sababu daftari lilidanganya wanachama muda wote huo. Wala usiipeleke kanisani kama sadaka. Mstari wa 8 unampa kuhani pesa hiyo pale tu aliyedhulumiwa asipokuwa na jamaa wa kuipokea. Mwenye mali akiwa hai kule Kayole, apelekewe Kayole.

Na ile M-Pesa iliyoingia kimakosa? Angalia salio kwanza, maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo. Ikiwa kweli imeingia, usiitoe wala usiitumie. Mwambie aliyetuma aombe Safaricom irudishwe. Ukimtumia wewe huku ameshaomba, unaweza kukatwa mara mbili.

Kama kuna pengo kwenye daftari lako sasa hivi, mpigie mwenyekiti leo jioni. Usingoje kikao cha Jumapili.

Mzee wenu wa kanisa,
Nairobi