Asante kaka wa Gerezani, Dar, jina sikukuuliza

Jamani kuna kaka mmoja namshukuru hapa hapa maana namba yake sina. Corolla yangu ya 91 AC ilikufa kitambo, fundi wa kwanza akataka kuijaza gesi mpya ya AC, R134a, hivihivi tu, nami nilishatoa hela mfukoni, huyu kaka alikuwa kasimama pembeni anasubiri gari yake akasema bosi ngoja kwanza, akafungua boneti akanionyesha midomo ya kujazia gesi, ina hesi za kukazia, akasema hii ni ya gesi ya zamani bado, R12, ya R134a haina hesi kwa nje, unachomeka tu inabana. Kumbe oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ingekauka ikajam! Akaniandikia kwenye boksi la plagi: toa oili yote, weka ya esta, badili draya (kikopo kinachonyonya unyevu) na oringi (mipira ya kuziba viungo), vuta hewa na unyevu kwa pampu, gesi mpya kipimo chake asilimia 80 hadi 85 ya kipimo cha ile ya zamani. Soda tu alikataa. Leo foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana nimefunga vioo, mke wangu anaomba nipunguze baridi. Kaka popote ulipo, ubarikiwe sana.