Yah: Malalamiko Kuhusu Safari Yenu ya Volkano Hai za Java, na Madai ya Kurudishiwa Pesa

Ndugu Meneja,

Salamu. Nitajitahidi kuandika barua hii kwa heshima hadi mwisho, ingawa siahidi. Majina yetu na namba ya malipo viko kwenye kichwa cha barua pepe. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi kwa kuwa mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitapoteza muda kuyanakili hapa. Naomba tu ufungue kifungu cha vifaa vya usalama na kile cha usiri wa taarifa za afya, uviweke mbele yako, ndipo uendelee kusoma.

Naanzia Ijen, volkano ya Java, Indonesia.

Saa nane usiku, kwenye lango la Paltuding, baridi inakata, kundi zima limesimama na tochi kichwani, kiongozi wenu wa safari alitoa begini pakiti ya barakoa za karatasi, zile za bluu za hospitalini, akaanza kutugawia. Barakoa za karatasi, kwa watu wanaokwenda kuteremka kwenye kreta, yaani shimo la volkano, inayofuka gesi ya salfa usiku na mchana! Mdogo wangu ana pumu. Aliiandika pumu hiyo kwenye fomu yenu kabla hatujalipa hata senti. Akauliza kwa upole, barakoa za gesi ziko wapi? Kiongozi wenu akatoa simu, akaitafuta fomu yake ya afya, akaisoma kwa sauti mbele ya kila mtu. Kisha akamwambia: "Dada, anayeogopa moshi angebaki kwao." Watu wakacheka. Halafu akamsogezea karatasi asaini kwamba likimpata lolote kampuni haihusiki.

Nitalirudia hili huko chini, kwa sababu sijalimaliza.

Kwanza niwaeleze jambo ambalo kampuni inayojiita ya wataalamu wa volkano haikupaswa kuelezwa na mteja. Barakoa ya karatasi huzuia vumbi. Dioksidi ya salfa ni gesi, inapita kwenye karatasi kama haipo, na ndiyo maana barakoa ya gesi ina vichujio vyake maalumu pembeni. Mwenye pumu hubanwa kifua na kiasi kidogo sana cha gesi hiyo, kiasi ambacho anayesimama naye anaweza asikisikie kabisa. Na Ijen si mahali pa kubahatisha: chini ya kreta kuna ziwa la tindikali, na kandokando yake ndipo wachimbaji wanapokata salfa na kuipandisha mabegani ndani ya vikapu viwili, kilo 70 na zaidi kwa mtu mmoja. Upepo ukigeuka, wingu lote linawajia waliopo. Nilizungumza na mmoja wa wachimbaji hao alipokuwa anapumzisha vikapu vyake karibu na lango. Alimtazama mdogo wangu akiwa na ile karatasi ya bluu usoni, akatikisa kichwa. Hakuhitaji fomu ya mtu yeyote kuelewa.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu uongo haukuanzia Ijen.

Ratiba mliyotutumia tulipokuwa tunapanga ilisema Merapi hadi kileleni, kisha Bromo, kisha Semeru hadi kileleni, kisha Ijen. Niliwaandikia nikauliza waziwazi kama vilele hivyo viko wazi. Mlinijibu kwamba "vibali vyote vimeshughulikiwa". Ndugu Meneja, Merapi uko ngazi ya tatu kati ya ngazi nne za tahadhari tangu tarehe 5 Novemba 2020. Hiyo si siri ya serikali, hutangazwa hadharani na idara ya volkano ya Indonesia pamoja na maeneo yasiyoruhusiwa kukanyagwa. Ni mlima uleule ambao mwaka 2010 uliua zaidi ya watu 300. Kwa hiyo mlipotuuzia kilele chake mlikuwa mnauza kitu ambacho hamna na hamwezi kukipata. Kibali gani mlichoshughulikia? Nani alikisaini?

Tulipofika, kiongozi wenu alisimamisha gari mbali kabisa, akanyoosha kidole dirishani akasema, "Merapi ule pale, pigeni picha." Hatukuelezwa neno lingine. Sisemi kwamba nilitaka kupelekwa kwenye eneo lililokatazwa. Namshukuru Mungu hatukupelekwa. Nasema mlichukua pesa ya kilele mkatupa dirisha la gari.

Semeru hivyohivyo. Mlima mrefu kuliko yote Java, mita 3,676, uliolipuka tarehe 4 Desemba 2021 na kuua watu zaidi ya 50. Tukafika, tukaambiwa na wahusika wa hifadhi kwamba mwisho wa wapandaji ni ziwa la Ranu Kumbolo, juu ya hapo hakuna anayepita. Wale wa hifadhi walishangaa kwamba tuna ratiba iliyochapishwa inayosema kileleni. Mmoja aliomba kuipiga picha. Niliona aibu ambayo ilikuwa yenu.

Na nilipowaandikia kutoka hukohuko Java kuuliza kuhusu Merapi, mhudumu wenu alinitumia habari za Marapi, kwamba ulilipuka Desemba 2023 na kuua wapandaji. Marapi uko Sumatra! Kisiwa kingine! Kampuni inayouza volkano haijui volkano zake ziko kisiwa gani. Bromo peke yake ndio ulikwenda sawasawa, na hata huo ni kwa sababu dereva wa pale alikuwa mtu makini aliyetufikisha mapema bila kusubiri maelekezo ya kiongozi wenu, aliyekuwa amelala.

Kuna pia suala la bima. Mlituambia hatuwezi kusafiri bila kukata bima mnayoipendekeza ninyi. Nimeisoma yote baada ya kurudi, mpaka maandishi madogo ya chini: haimlipi mtu aliyeumia ndani ya eneo ambalo mamlaka zimelikataza. Yaani kwa ratiba yenu wenyewe, vilele viwili kati ya milima yetu tungevipanda bila bima, huku tukiwa tumeilipia.

Sasa narudi Paltuding, maana hapo ndipo safari hii ilipoacha kuwa safari mbovu ikawa dharau.

Mdogo wangu si mtu wa makuu. Aliuliza mara moja tu, na kwa sauti ya chini, akiwa amesogea karibu na kiongozi ili wengine wasisikie. Alisema hivi: "Samahani kaka, ile barakoa ya gesi iliyoandikwa kwenye orodha, nitaipata hapa au juu?" Basi. Hakuna ugomvi, hakuna kelele. Kiongozi wenu akarudi hatua mbili nyuma, akainua simu ili mwanga uwe vizuri, akaanza kusoma kama anayeita majina ya mahudhurio. Umri wake. Pumu tangu utotoni. Dawa anazotumia, moja baada ya nyingine. Mwaka aliolazwa. Mambo ambayo mdogo wangu hajawahi kumwambia mtu yeyote nje ya familia, aliyaandika kwenu kwa sababu fomu yenu ilisema yatasomwa na daktari wa kampuni peke yake. Nilimwambia kiongozi anyamaze. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Ndipo akasema ile kauli, na niwakumbushe kwamba hakuisema kwa utani, aliisema huku akiwatazama wengine, kama anayesubiri kuungwa mkono: "Dada, anayeogopa moshi angebaki kwao." Na akaungwa mkono. Wenzetu wawili watatu wakacheka, mmoja akawasha tochi yake usoni mwa mdogo wangu aone kama analia.

Hakulia. Alivua ile barakoa ya karatasi, akaikunja mara nne, akamrudishia.

Pale langoni alikuwepo kijana anakodisha barakoa za gesi, zile zenye vichujio viwili, ametundika kadhaa kwenye kamba. Nilimwita nimlipe kwa pesa yangu mwenyewe. Kiongozi wenu akamfukuza kwa mkono, akasema hakuna muda, tutauchelewa moto wa bluu. Kisha akaweka ile karatasi juu ya boneti ya gari, akamulika kwa simu ileile iliyosoma siri za mgonjwa, akamwambia mdogo wangu: saini au baki. Akabaki. Nami nikabaki naye. Kundi likaondoka, dereva akafunga gari na kwenda kulala mahali tusipopajua, na sisi tukakaa nje kwenye baridi ile mpaka saa tatu asubuhi, bila mahali pa kukaa na bila mtu wa kampuni yenu hata mmoja. Moto wa bluu wa Ijen huonekana gizani tu, gesi ya salfa inapowaka. Ndio uliotufanya tuichague safari yenu, mlikuwa mmeupamba kwenye ukurasa wa kwanza wa kipeperushi. Hatukuuona.

Niliporudi nilipiga simu ofisini. Mhudumu alinisikiliza, nadhani, kisha akaniambia kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao mdogo wangu "alijiondoa mwenyewe kwa hiari kwenye shughuli". Kwa hiari! Nikaomba kuzungumza na meneja, nikaambiwa meneja yuko kikaoni. Nimepiga tena mara nyingi. Kikao hicho hakijaisha.

Mnajua kilichotokea Whakaari, kisiwa cha volkano cha New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019. Watu 47 walikuwa kisiwani mlipuko ulipotokea, wengi wao watalii waliolipia ziara ya siku moja, na 22 wakafa. Kiwango cha tahadhari kilikuwa kimepandishwa wiki chache kabla, na ziara ziliendelea. Baadaye kampuni za utalii zilifikishwa mahakamani. Nawatajia hili kwa sababu mtu anayegawa barakoa za karatasi penye gesi ya salfa, na kukasirika akiulizwa, ndiye mtu huyohuyo mtakayemwachia kuamua kama kundi ligeuze au lisonge mbele siku mlima utakapoanza kutoa dalili.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kudai gharama za Merapi, Semeru na Ijen tu, pamoja na barua ya kuomba radhi. Nilikuwa hata tayari kuwaachia gharama za Bromo na za hoteli, nikae kimya. Lakini nikiyasoma niliyoandika hapo juu naona nilikuwa nawahurumia bure. Nadai malipo yote ya watu wawili, pamoja na tiketi za ndege, kwa kuwa hakuna ambaye angepanda ndege kwenda kuangalia Merapi dirishani. Nadai barua ya kumwomba radhi mdogo wangu kwa jina lake, iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si na "timu ya huduma kwa wateja". Nadai uthibitisho kwa maandishi kwamba fomu yake ya afya imefutwa kwenye simu ya kiongozi huyo na kwenye simu nyingine zote iliposambaa. Na mtu yule asiongoze tena kundi kwenye mlima wowote wenye moto, au hata usio na moto.

Nawapa siku 14. Hapana, nimebadili: siku saba. Mmeshakuwa na muda wa kutosha wakati mimi nikisubiri kikao kiishe.

Siku ya nane nakala ya barua hii, ratiba yenu iliyochapishwa, majibu yenu ya "vibali vimeshughulikiwa" na picha ya ile barakoa ya karatasi vitakwenda kwa mamlaka iliyowapa leseni, kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, na kwa wakili ambaye tayari ameyaona yote na ana hamu kubwa na ukurasa wa bima. Wenzetu wawili wa kundi lile, ambao hawakucheka, wamekubali kutoa ushahidi wa maandishi. Mkinirudishia nusu, nitaihesabu kama malipo ya awali ya deni na nitaendelea na nusu iliyobaki. Mkinitumia vocha ya safari nyingine, nitaiambatanisha kama kielelezo.

Naomba jibu lije kwa maandishi. Simu zenu sizipokei tena.

Wako,
Mteja wenu, kwa niaba yangu na ya mdogo wangu