Salamu za shukrani kutoka kwa watoto na wajukuu wa marehemu Baharia, Mafia

Assalaam alaykum.

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mliendelea kumwita Baharia hata baada ya miaka zaidi ya 60 ya uvuvi, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipoanza kuugua mpaka tulipomzika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kumtaja kila mmoja hatuwezi, ila wapo ambao tukiwanyamazia tutakuwa tumekosa adabu. Waganga na wauguzi mliomhudumia usiku na mchana, ahsanteni sana. Ndugu zetu wa Jibondo na Chole, mlivuka siku ile kusi likivuma kwa nguvu, mkafika mmelowa hadi mabegani, na mkashika majembe mkiwa bado na nguo mbichi mwilini. Wavuvi wa Kilindoni hamkutia chombo majini siku mbili nzima, na sisi tuliokulia kwenye nyumba ya mvuvi tunajua siku mbili ni nini kwa mtu mwenye watoto. Kina mama mlikesha jikoni. Walimu na wanafunzi wa madrasa mlisoma hitima bila kuchoka. Mungu awalipe kheri.

Lakini tuna deni lingine, la tangu kabla hatujazaliwa.

Baba alizaliwa Sur, Omani. Tarehe hakuijua, umri wake aliuhesabu kwa misimu ya kaskazi, upepo unaoshusha majahazi kutoka Arabuni. Aliingia jahazini akiwa mtoto wa kuwasha moto na kuteka maji. Mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ndiyo kwanza imepata uhuru, chombo chao kilishuka na kaskazi kikiwa na tende, chumvi na papa mkavu, kikauza Mombasa na Unguja, kisha kikaingia delta ya Rufiji kupakia boriti, maana kwao miti ya kujengea ni adimu. Mabaharia walishinda na kulala kwenye tope la mikoko pamoja na mbu. Baba akashikwa na homa. Kusi likaanza, na nahodha hakuwa na hiari: jahazi la kurudi Arabuni halikuweza kuukosa upepo huo. Akamvusha mgonjwa mpaka Mafia, akamkabidhi kwa mzee mmoja mvuvi na mkewe, watu ambao baba hakuwahi kuwaona, akatweka tanga.

Wazee hao, babu na bibi yetu wa kulea, walikwisha kutangulia mbele ya haki. Bibi alimnywesha uji kwa kijiko, siku baada ya siku, kwa sababu kichwa hakikuinuka. Kiswahili cha baba wakati ule kilikuwa cha bandarini tu, vuta, shusha, bei gani. Neno la kwanza la nyumbani alilojifunza, alikuwa akitusimulia, lilikuwa "kunywa".

Kaskazi iliyofuata jahazi lilirudi. Nahodha alimletea sanduku lake na hisa yake ya safari, hakupunguza hata senti. Naye tunamshukuru, popote alipolala. Alimngoja siku tatu. Baba akapokea sanduku, akabaki. Alikwisha kuingia ubia na mzee wake kwenye ngalawa, na macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia. Tena alikuwepo mama yetu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka pale. Mungu amrehemu.

Watu wa bara hudhani baharia na mvuvi ni kitu kimoja. Baharia huukimbia mwamba, mvuvi huutafuta. Baba alijua kushika njia kwa nyota, lakini hakujua maji makubwa ya bamvua yanavyopita mlangoni mwa ghuba ya Chole, wala changu anakolala, wala dema la kunasia samaki lielekee upande gani wa mkondo. Yote hayo alifundishwa na watu wa visiwa hivi, wengine wakiwa watoto kuliko yeye. Hakuna aliyemnyima.

Naye alikuwa na bilidi yake. Mlioenda naye baharini mnaikumbuka, ile risasi ya kupimia kina, chini ina kishimo. Alijaza mafuta mazito kishimoni, akaishusha kwa kamba huku akihesabu pima, akaipandisha na kupitisha kidole: mchanga mweupe, tope, au vipande vya matumbawe. Usiku usio na mwezi aliinusa. Kisha akawaambia mko wapi, na ndipo mlipokuwa.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, majahazi yalipungua mwaka hata mwaka. Mafuta ya Omani yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1967, na Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa ng'ambo warudi, barua za ndugu zikawa nyingi. Alizijibu zote. Alikwenda mara moja, kwa ndege, kuzuru makaburi ya wazazi wake, akarudi kwenye ngalawa yake.

Tunawashukuru pia vijana. Wapo aliowafokea pwani, mbele za watu, kwa ajili ya kuvua kwa baruti na kwa kokoro, wavu wa kukokota, la matundu madogo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, hakukubali kila sharti lake, lakini kwenye baruti hakuwa na mjadala na mtu. Vijana haohao ndio waliopokezana jeneza lake njia nzima, hawakutaka wazee walibebe.

Kwa binamu yetu uliyetoka Sur ukafika siku ya nne: uliomba kuonyeshwa nyumba aliyouguzwa baba. Nyumba haipo tena, lakini kisima kipo. Uliteka maji mwenyewe ukanywa umesimama pale, ukalia, nasi tukalia nawe. Fikisha salamu zetu kwa wote huko.

Hitima ya arobaini itasomwa nyumbani baada ya sala ya alasiri, nyote mnakaribishwa. Anayemdai marehemu asione haya, afike kwetu. Kwenye daftari lake, aliloandika kwa herufi za Kiarabu, tumekuta ameazima kapi mbili na debe la deheni ya kupaka chombo, bila jina la mwenyewe. Vitu vyote vipo. Na jarife, ule wavu mkubwa, lililoanikwa nyuma ya nyumba tunajua si lake, alikuwa akilishona. Upande mmoja bado umechanika. Kaka yetu mkubwa anaumalizia, na mwenye jarife atapelekewa habari aje alichukue.