Risala ya Mama Lishe wa Vingunguti kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Mwakilishi wa kiwanda, ambaye tulikualika makusudi na tunashukuru umekuja,
Viongozi wa dini, wanakikundi wenzangu na ndugu waalikwa,

Assalam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku hii ya kuvunja mzunguko wetu wa mwaka. Sisi ni mama lishe 30 tunaouza chakula nje ya mageti ya viwanda hapa Vingunguti. Kila Jumamosi tunanunua hisa, tunakopeshana, na leo tunagawana. Hesabu za fedha mhazini amekwisha kuzisoma, nami sitazirudia. Nimetumwa kusema jambo jingine, ambalo lilitugharimu vikao vitatu vya mabishano kabla hatujakubaliana liandikwe. Ni moshi.

Mheshimiwa, mabishano yenyewe yalianza hivi. Mwenzetu mmoja ana mtoto mwenye pumu. Msimu wa kaskazi, upepo unapouleta upande wetu moshi wa tanuru la vyuma chakavu, mama huyo hulala ameketi, mtoto kifuani. Yeye alitaka risala iombe kiwanda kifungwe. Aliyekaa naye jamvi moja anauza sahani zaidi ya 60 kila mchana kwenye geti la kiwanda hichohicho, na mumewe ni kibarua humo ndani. Akamjibu, "Kisipofungwa wako atakohoa, kikifungwa wangu atalala njaa." Kikao kikanyamaza. Wote wawili wako hapa leo, na wote wawili wameisoma risala hii kabla yako.

Kufungwa kwa kiwanda hatukusikii redioni, tumekuona. Kiwanda kimoja cha jirani, ambacho hatukitaji maana hatukuja kuumbuana, kiliwahi kufungwa kwa amri kwa sababu ya moshi. Kilikaa wiki tatu. Wenye mikataba walikaa nyumbani wakisubiri mshahara. Vibarua, wale wanaochaguliwa getini asubuhi na kulipwa jioni, hawakuwa na majina kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo hawakuwa na la kusubiri. Siku ya kwanza tulirudi na masufuria ya maharage yamejaa, tukala wenyewe na majirani. Siku ya nne tuliacha kupika. Bodaboda wa kijiweni, muuza vocha na mwenye vyumba vya kupanga, wote waliyumba. Kisha tukaambiwa faini imelipwa, geti likafunguliwa, tukashangilia. Usiku wa siku ileile moshi ulitoka na rangi yake ileile. Pesa ya faini ilikwenda serikalini, hasara ikabaki kwenye masufuria yetu, na masizi yakaendelea kutua kwenye nguo tulizoanika.

Tunasikia pia maneno ya upande wa pili. Wapo wanaosema wawekezaji wakibanwa watahamia Mkuranga au Kibaha. Wapo wanaosema viwanda vilitangulia na watu ndio waliovifuata. Hili la pili lina ukweli wake. Kule Wazo saruji ilianza kuzalishwa mwaka 1966, wakati Tegeta haikuwa mji kama leo, na viwanda vingi vya ukanda wetu huu wa Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, ni vya zamani kuliko nyumba zinazovizunguka. Lakini aliyekifuata kiwanda alifuata kazi. Kiwanda nacho kinamtaka mtu anayeweza kufika getini kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi. Huwezi kumhitaji jirani asubuhi ukamlaumu kwa ujirani usiku.

Mheshimiwa, kuna habari ya ng'ambo ya bonde la Msimbazi ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likitoa harufu, nzi na moshi wa taka zinazoungua. Walishinda. Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akasema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ushindi ule unafundishwa vyuoni. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baada ya Tabata, taka za jiji zilikuja kumwagwa hapahapa Vingunguti. Kwa hiyo tukiambiwa kiwanda kihamishwe, swali la kwanza tunalojiuliza ni nani anayekaa huko kinakopelekwa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka mwaka 2007. Shirika la Afya Duniani lilikaza zaidi mwaka 2021. Kwa vumbi lile jembamba kabisa, lenye upana usiozidi mikroni 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unywele, wastani wa mwaka uliopendekezwa ulishushwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Vumbi hilo pua hailizuii, linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Na wa kwanza kulivuta ni mwanaume aliyesimama mbele ya tanuru, ambaye ni mume au mtoto wa mmoja wetu. Wanaotutenganisha wakazi na wafanyakazi hawajawahi kulala kwenye nyumba zetu.

Sisi wenyewe hatujaja hapa tukiwa wasafi. Tunapikia mkaa, na wengine kuni. Serikali haikuja kutufunga. Mwaka 2024 ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikaweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tumepewa lengo na muda, na kwa mkopo wa kikundi wanachama 11 wamekwisha kununua majiko ya gesi. Bei ya kujaza mtungi bado inatutoa jasho, hilo ulichukue pia.

Ndipo tukajiuliza: mama lishe amepangiwa hadi mwaka 2034, kwa nini mwenye tanuru apewe ama faini ama kufuli, bila kitu katikati?

Tunachoomba ni amri yenye tarehe. Kiwanda kipimwe, kiambiwe kimezidisha kiasi gani, kipewe miezi ya kufunga vichujio, na kila hatua iwe na siku yake ya kukaguliwa. Vichujio vya mifuko vikitunzwa vizuri hunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi. Si teknolojia ya mwezini. Gesi ya Songo Songo ilifika jiji hili mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015, kwa hiyo anayechoma mafuta mazito au makaa ana pa kukimbilia. Ila kwa tanuru la vyuma chakavu gesi peke yake haitoshi, maana moshi mwingine unatoka kwenye rangi, mafuta na plastiki zilizoganda kwenye chuma chenyewe. Chakavu zichambuliwe kabla ya kutupwa motoni. Kazi hiyo ya kuchambua ni ajira, Mheshimiwa, na vijana wa kuifanya wamejaa kijiweni.

Vipimo vifanywe usiku, kwa sababu mchana bomba la moshi huwa na adabu. Na vifanywe wakati wa kaskazi. Wakaguzi waliwahi kuja mwezi Julai, kusi inavuma, moshi wote umeelekea kwa wenzetu, wakaandika kwamba mtaa wetu hauna tatizo. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa Serikali ya Mtaa, kwa Kiswahili, karibu na tangazo la taka.

Na ikilazimu tanuru lizimwe ili vichujio vifungwe, vibarua waandikwe majina na walipwe kwa siku hizo, hata nusu. Mwenye kiwanda akiukataa mpango wote, hapo kufuli tutalielewa, tena tutakuja na masufuria yetu matupu kushuhudia.

Mwakilishi wa kiwanda, tumekutengea kiti karibu na mama wa mtoto mwenye pumu. Mzungumze wakati wa chakula.

Chakula kiko tayari. Wali na nyama vimepikwa kwa gesi. Maharage tumepikia mkaa, hatukuona haja ya kukuficha.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi