Jumamosi: kutafuta picha za jukwaa letu

Habari za jioni, wasanii wenzangu.

Jumamosi hii tukutane saa 3:00 asubuhi mbele ya Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Jengo lile ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, kwa hiyo hapo tunaangalia milango na boriti tu. Igizo letu linasimulia maisha ya 1954, na kazi yenyewe iko Kariakoo: nyumba ya Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha uani. Tuziwahi zilizobaki kabla maghorofa hayajazimeza.

1. Kila mtu aje na picha ya zamani ya familia. Tazameni nyuma ya watu: pazia, kiti, taa ya chemli. Ipige kwa simu, albamu ya bibi ibaki nyumbani (mwaka jana tulichana moja, hadi leo naona aibu).
2. Sh 5,000 za nauli na chai.
3. Mafundi, futi tafadhali. Kimo cha baraza tukipime, tusikisie.

Andika "nipo" humu kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku. Mwenye udhuru aseme mapema, picha atume.